Beseni la Shangazi

Machi 9

Mvua ya kwanza. Nimempelekea Shangazi maji ya moto ya kuoga kwenye lile beseni lake la bati, na sabuni, na taulo jipya. Ameyatazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango. "Asante," akasema, "sitaki."

Nimeyafulia mapazia.

Machi 11

Hataki.

Machi 14

Nimeshona kola tangu asubuhi. Shule inataka sare kabla ya muhula kuanza, na mvua imewafungia wateja wote barazani kwangu, kila mmoja na haraka yake.

Chumba cha Shangazi kiko ng'ambo ya ua, mkabala na dirisha ninaposhonea. Kila nikiinua macho kutoka kwenye sindano namwona pale mlangoni kwenye kiti chake, nywele zimeshikamana upande mmoja, gauni lile lile la tangu Januari. Harufu sasa inavuka ua. Wateja wanajitia hamnazo, lakini naona pua zao zinavyocheza. Leo mama mmoja aliniuliza kama kuna panya aliyefia darini. Nikamwambia panya huyo ni shangazi yangu, na yu mzima, na mafundi ni wengi mtaani kama ana haraka. Alinywea, akaendelea kupimwa.

Huyu ni dada wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea. Mtaa mzima unamwita Bi Beseni, kwa sababu kwa miaka mingi mwanamke akifariki hapa, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha. Mimi nilimshikia beseni tangu nikiwa msichana. Alianza na miguu kila mara, maana miguu, alisema, ndiyo iliyochoka kuliko vyote. Mwisho alifunga vidole gumba vya miguu pamoja kwa kitambaa, ili mtu alale amenyooka. Lakini kabla ya yote hayo aliinama sikioni kwa yule marehemu na kusema, "Naomba ruhusa nikuoshe." Kisha anangoja. Wafiwa wanakohoa, wanatazamana, wengine wanaguna kabisa. Yeye anangoja tu.

Nilimwuliza siku moja anangoja nini. Akasema jibu. Nikamwuliza kama amewahi kujibiwa.

"Sijawahi. Lakini ukiuliza bila kungoja hujauliza, umetoa taarifa."

Mtu wa namna hiyo, aliyeosha mtaa mzima, sasa hataki tone la maji limguse. Nikiyafikiria sana nakosea mshono.

Machi 15

Hataki. Nimefumua kola zote za jana.

Machi 21

Nimeuona mguu wake. Alikanyaga msumari wa bati uani, sijui lini, akaufunga kwa kitambaa kichafu akanyamaza. Unyayo umevimba na unatoa maji. Nilimwita nesi wa zahanati, binti mpole, anayemwamkia kila mtu hata paka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

Wakazungumza habari za mvua. Wakazungumza habari za bei ya mkaa. Nesi akaja polepole kwenye mguu, akaeleza vizuri kabisa: uchafu ukiingia ndani mguu unaweza kukatwa, na usipokatwa anaweza kufa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza taarifa ya habari.

"Nimekuelewa," akasema. "Umeeleza vizuri kuliko daktari. Mguu ni wangu lakini, na sitaki."

Nesi alinitazama. Nami nilitazama ukuta.

Machi 27

Nimegombana naye. Nimesema maneno mengi, mengine sikuyapanga: kwamba ananiaibisha, kwamba wateja wanapungua, kwamba baba angelia kama angemwona. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia nikae.

"Sindano," akasema. Ndiye pekee ambaye bado ananiita hivyo, jina la utotoni, kwa ajili ya wembamba wangu na mdomo wangu. "Wale wote niliowaosha, umewahi kumsikia hata mmoja akisema maji ya baridi?"

"Shangazi, wale walikuwa wamekufa."

"Umewahi kumsikia mmoja akisema leo sijisikii, njoo kesho?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilikuwa nawaonea huruma kwa hilo tu. Kufa kwenyewe kawaida. Lakini mtu amegeuzwa, ameinuliwa mkono, amefunuliwa mbele za watu, na hana la kusema. Nikasema mimi, siku zangu za mwisho, nitakataa mpaka nichoke kukataa. Kila nikisema sitaki nasikia sauti yangu, najua bado nipo."

"Na mguu?"

"Mguu unauma," alisema. "Hilo nalo linanijulisha nipo."

Sikulala vizuri. Sijui kama ni busara au ni ukaidi wa uzee uliojivika busara. Najua tu kwamba anaumia, na mimi ndiye ninayemsikia akigumia kupitia dirishani.

Aprili 2

Kaka amekuja na afisa wa ustawi wa jamii. Kaka yangu ana duka la vipuri na anaamini kila kitu kina fundi wake. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani na soksi zilizolowa. Alimwomba Shangazi ruhusa ya kukaa, jambo lililompatia alama papo hapo.

Alimwuliza leo siku gani. Alijibu. Nani analipa umeme? "Huyu Sindano, na analipa kwa kuchelewa." Anajua nini kitatokea asipotibiwa? Alimrudishia maneno ya nesi yote, hata lile la kukatwa.

"Na bado hutaki, bibi?"

"Bado sitaki. Wewe lakini kavue hizo soksi, utapata mafua."

Nje ya mlango afisa alimwambia Kaka kwamba bibi ana akili timamu na anajua anachokikataa. Kukataa si ugonjwa. Tunaweza kumwomba, kumbembeleza, kumletea huduma mlangoni. Kumlazimisha hatuwezi.

"Kwa hiyo tumwache aoze?" Kaka alipaza sauti.

"Sijasema mumwache," alijibu yule kijana. "Nimesema mumwombe."

Kaka alinigeukia mimi kana kwamba nimemlipa yule afisa. Macho yake yalikuwa mekundu. Shangazi alimlea yeye pia.

Aprili 5

Mvua tangu alfajiri. Hataki.

Aprili 8

Hataki. Nzi sasa. Nimemletea chandarua. Chandarua amekubali.

Aprili 13

Niandike haraka kabla sijajidanganya.

Kaka alikuja mchana na mkewe. Alikuwa na vidonge vya usingizi vya mama mkwe wake ndani ya karatasi. Alisema hatutamlazimisha, atalala tu, tutamsafisha, tutamfunga kidonda, ataamka binadamu. Wifi alisema hata watoto wachanga huogeshwa wakilala. Mvua ilipiga bati kwa kishindo hata ikabidi tusogeleane ili tusikilizane, vichwa vitatu pamoja, kama wezi.

Mimi ndiye niliyekoroga chai. Aliinywa yote, akanishukuru kwa sukari.

Alipolala tukamlaza mkekani. Wifi alikata nywele, hazikuwa za kuchanika tena. Mimi nilichukua beseni. Mikono yangu ilijua kazi, sikuhitaji kufikiri: miguu kwanza, polepole, kidonda kwa maji ya chumvi, kisha magoti, ubavu mmoja, tukamgeuza, ubavu wa pili. Alikuwa mwepesi ajabu. Chini ya ule uchafu wote ngozi yake ilikuwa laini kama ninavyoikumbuka. Nililia kwa furaha, nakiri. Tukamvika gauni jipya, tukamfunika shuka jeupe. Kaka alichungulia, akasema, "Sasa ndiye Shangazi." Wakaondoka kabla barabara haijajaa maji.

Nikarudi cherehani.

Jioni nilikwenda kumtazama. Alikuwa ameamka. Alilala chali, amenyooka, mikono ubavuni, anatazama dari.

"Shangazi, umeamkaje?"

"Ulianza na miguu," alisema.

Nikawasha taa.

"Vizuri. Ndivyo nilivyokufundisha."

Kisha akatazama chini, nami nikafuata macho yake. Shuka lilikuwa limepanda kidogo. Vidole gumba vya miguu yake vilikuwa vimefungwa pamoja kwa utepe wa buluu, ule ninaoshonea kola. Fundo lilikuwa langu. Sikumbuki kufunga. Naapa sikumbuki.

Nilijitupa chini kuufungua, fundo likakataa, nikalikata kwa meno.

"Lakini hukuniuliza," alisema, bila hasira hata kidogo. Akafumba macho.

Aprili 14

Amekunywa uji. Nilimwambia anywe, akanywa.

Aprili 16

Nesi amekuja kusafisha kidonda. "Bibi, naweza kuutazama mguu?" Shangazi hakujibu. Nesi alinitazama, nami nikasema, "Unyooshe, Shangazi." Akaunyoosha. Nesi akasema kidonda kinaleta matumaini. Akamsifu kwa kuwa mtulivu.

Aprili 19

Kaka amepiga simu. "Umeona? Alihitaji kusukumwa kidogo tu." Nikamwambia nimeona.

Aprili 23

Nisemeje. Kila ninachomwambia anafanya. Kula, anakula. Kaa, anakaa. Leo asubuhi nilimwambia ainue mkono nimvalishe sweta, simu ikaita, nikaenda barazani kubishana na mteja kuhusu marinda. Niliporudi mkono ulikuwa bado juu, unatetemeka kwa uchovu.

"Shusha, Shangazi!"

Akaushusha.

Harufu imeondoka. Wateja wamerudi. Yule mama wa panya ameleta sare za watoto wote na kuniambia nyumba yangu sasa inapendeza. Nami naogopa kuvuka ua. Nimeketi na maiti wengi maishani mwangu nikiwa na beseni mkononi, sikuwahi kumwogopa hata mmoja. Huyu anapumua na nywele zinanisisimka.

Aprili 24

Nimemwuliza anataka kula nini. Hakujibu. Nikamwuliza tena. "Wewe ndiye unayejua," alisema.

Aprili 30

Jua lilitoka kidogo, nikamwekea kiti katikati ya ua apate joto, nikaenda kupeleka sare shuleni. Huko mhasibu akanizungusha, mvua ikashuka kama iliyomwagwa, nikangoja ukumbini ipungue. Sikuwa na wasiwasi. Mlango wake uko hatua chache kutoka kwenye kiti.

Nilimkuta pale pale. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye kichwa kilichokatwa nywele, yanaingia machoni, na hakuwa anayafuta. Mapajani mwake palikuwa na dimbwi.

Nilipiga kelele. "Mbona hukuingia ndani?"

"Hukuniambia."

Nilimbeba. Nimemkausha, nimemfunika mablanketi yote ya nyumba, nimekaa kando yake nikiandika haya. Anatazama dari. Nikimwambia fumba macho atafumba, kwa hiyo sisemi.

Mei 3

Anakohoa. Kola zimenishinda. Namwona mlangoni hata akiwa kitandani.

Mei 6

Nesi alisema nimloweshe mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Nilichemsha, nikatia chumvi, nikaweka beseni, nikasema, "Tia mguu, Shangazi." Akautia. Nikageuka kutafuta pamba. Niliporudi nilitumbukiza mkono wangu kuuinua mguu, nikauchomoa mkono kwa kelele. Maji yalikuwa hayashikiki. Nilikuwa nimesahau kuongeza ya baridi. Yeye alikuwa ameketi tu, mguu ndani, machozi yanamtoka, uso umetulia.

"Yanaunguza! Mbona husemi?"

Akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza kunitazama tangu siku ile.

"Umewahi kumsikia mmoja akisema?"

Nililivuta beseni kutoka chini ya mguu wake, likapinduka. Nilipiga magoti pale kwenye maji yaliyomwagika, nikamwomba radhi. Nilimwambia kila kitu, chai, vidonge, vichwa vyetu vitatu, na kwamba sikuwa na hofu ya kifo chake tu, nilikuwa na hofu ya wateja pia. Nilimwambia nilimwosha kama maiti kwa sababu ni kuosha pekee nilikokujua, na kwamba hilo si la kunitetea.

Kisha nikakumbuka. Nilisogea mpaka sikioni kwake, nikasema, "Shangazi, naomba ruhusa nikukaushe mguu."

Na nikangoja.

Mvua ilikuwa ya rasharasha. Mteja alipiga hodi barazani, akapiga tena, akaondoka akilalamika. Magoti yaliniuma, kisha yakafa ganzi. Mguu ulikuwa unadondosha maji sakafuni mbele yangu, mwekundu, na taulo liko begani kwangu. Sijawahi kutaka jambo jepesi namna ile kama nilivyotaka kulishusha lile taulo. Nilingoja. Nikaanza kuelewa kwa nini wafiwa walikuwa wakikohoa.

Midomo yake ikacheza. Sauti ilitoka chafu, kama mlango wa stoo.

"Sitaki."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikaliweka taulo kitini, nikatoka nje kwenye mvua.

Mei 7

Hataki uji. Hataki mlango ufungwe. Hataki sweta la kijani, na anataka kujua ni nani mjinga aliyemkata nywele hivi. Nimemwambia ni wifi. "Nilijua," alisema. Siku njema kuliko zote msimu huu.

Mei 12

Amefungua bendeji na kuitupa uani. Kaka alikuja akiwa amesikia, na karatasi ya vidonge mfukoni. Nilisimama mlangoni. Sijawahi kumzibia njia kaka yangu.

"Ukitaka kumwogesha, muulize. Na ungoje."

"Dada, atakufa."

"Najua."

Aliingia. Alipiga magoti yeye na suruali yake nzuri, akamwuliza, akangoja kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa duka. Shangazi alimshika shavu. "Sitaki, baba. Lakini umeuliza vizuri."

Kaka alikaa ndani ya gari lake muda mrefu bila kuwasha. Kisha akarudi na ngazi akaziba bati linalovuja juu ya kitanda chake. Hilo aliuliza kwanza, akakubaliwa. Vidonge aliniachia mezani.

Mei 16

Amekubali nimkate kucha. Mkono wa kulia tu. Wa kushoto, amesema, atafikiria.

Mei 19

Mguu umebadilika rangi mpaka kwenye kifundo. Nesi amesema hospitali leo hii. Shangazi amesema sitaki, akamwombea nesi mume mwema.

Nimemwuliza asubuhi, mchana, jioni, kila mara kwa magoti, kila mara nimengoja. Sitaki. Usiandikwe uongo humu: leo nimemchukia. Ninavyomsikia akisaga meno kupitia dirishani namchukia kwa kunifanya nisikie. Karatasi ya vidonge ipo ndani ya kopo la vifungo. Nimelifungua kopo nikitafuta kifungo cheupe, nikashika karatasi badala yake, na mikono yangu tayari ilikuwa inafikiria chai. Mikono hii siiamini tena. Nimevitupa chooni vyote.

Mei 22

Hataki. Nimekaa naye tu. Nimeshonea kwake, kwa mkono.

Mei 24

Homa kali. Alikuwa anazungumza na wanawake nisiowaona, akiwaita mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao, akiwauliza kama maji yalikuwa mazuri. Wote niliwajua. Wote niliwashikia beseni. Nilijikuta natazama pembe za chumba.

Homa ilipotulia akanitambua.

"Sindano. Siku ile ikifika, uniulize."

"Nitakuuliza."

"Hata wifi yako akikohoa."

"Hata akikohoa. Shangazi, na usiponijibu?"

Alifikiri. "Basi ngoja. Mimi niliwangojea wengi, na mimi mtu aningoje."

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto. Nikamkata kucha.

Mei 27

Amefariki asubuhi, mvua imekatika. Nilikuwepo. Neno lake la mwisho lilikuwa "sitaki", nilipompa maji ya kunywa kwa kijiko, na alilisema kwa uchovu, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Wanawake wa mtaa walikuja. Wifi alishika beseni, pahali nilipokuwa nashika mimi. Maji niliyapima kwa kiwiko. Niliinama sikioni kwake nikasema, "Shangazi, naomba ruhusa nikuoshe."

Nikangoja. Mfereji wa bati ulikuwa unadondosha maji yaliyobaki, tone moja moja, kwenye ndoo nje. Mtu mmoja nyuma yangu aliguna. Wifi alikohoa. Kaka aliuliza kutoka uani kulikoni, hakuna aliyemjibu. Nilitazama midomo yake na kusikiliza kwa moyo wangu wote, na naandika kweli tupu, nilitamani aseme lile neno. Ningebeba beseni nikaondoka nalo, na wote wangenisema.

Maji yalipoa. Nikaongeza ya moto, nikapima tena, nikangoja tena.

Halafu nikaanza na miguu. Vidole sikuvifunga.